Safu ya Tatu

Ofisi yetu ni chumba kimoja pale Kirumba,
juu ya duka la nyavu na vielea.
Harufu ya dagaa hupanda ngazi kabla yetu,
hukaa kwenye karatasi;
hata ripoti za wafadhili, huko ziendako,
nadhani hunukia ziwa.

Mimi kazi yangu ni kuhesabu.
Fomu ina safu mbili: iliyopandwa, iliyokufa.
Nakwenda Magu kwa pikipiki na kalamu mbili,
kwa sababu moja lazima igome kwa vumbi.

Mwaka wa kwanza tulipanda miche elfu nne.
Kulikuwa na fulana, kulikuwa na spika,
mheshimiwa akanywesha mche mmoja
kwa chupa ya maji ya dukani, akapigwa picha.
Tukaondoka.
Mbuzi wakabaki.

Niliporudi Septemba niliandika:
iliyopandwa, elfu nne;
iliyokufa, elfu tatu mia tisa na kumi.
Ile tisini ilikuwa imejibanza nyuma ya vichuguu
kama watoto wanaodaiwa ada.

Udongo wa luseni ulikuwa mweupe, mwepesi,
unaondoka wenyewe bila kuaga.
Ukisimama juu ya jabali unaliona ziwa,
limejaa, la buluu, halina habari,
na chini ya kiatu chako hakuna hata unyevu wa mate.
Hilo ndilo lililoniuma:
kiu inayotazama maji mchana kutwa.

Holo Lugembe hakuja siku ya fulana.
Nilimkuta shambani kwake, kapiga magoti
mbele ya kisiki cha mgunga,
mkononi kisu cha kumenyea viazi vya michembe.
Kisiki kimeota vichipukizi kama nywele za mgonjwa aliyepona.
“Mama, unafanya nini?”
“Nachagua. Huyu na huyu watabaki.
Hawa wengine watapisha.”

Mumewe, marehemu, ndiye aliyeikata yote, akachoma mkaa,
mkaa ukalipa bati, bati bado liko juu.
Hakumlaumu.
Alisema kila mvua visiki vilijaribu kusema kitu,
na kila mwaka jembe likavinyamazisha,
jembe likichoka, mbuzi wakapokea.
“Ng'wana wane, mti haukufa.
Ulikatizwa maneno tu.”

Sikujua nimwandike wapi.
Nikachukua rula, nikachora safu ya tatu,
juu yake nikaandika: iliyokuwepo.

Bosi wetu, Ndalahwa, aliishika fomu kwa mbali
kama mtu aliyesahau miwani.
“Hii tutaidaije?
Hatukuinunua, hatukuipanda.”
Wiki iliyofuata alikwenda mwenyewe.
Akarudi na magoti ya suruali yamechafuka,
hakusema neno,
akaagiza fomu zichapwe upya.

Huu ni mwaka wa sita.
Kuna ngitili tatu zilizofungwa mpaka Julai,
kuna majani yanayomfika ndama kifuani,
kuna kivuli, si kikubwa, cha watu wawili na ndoo.
Lakini mvua ya Oktoba ilikuja, ikaonja, ikaondoka
siku arobaini, mahindi yakasokotwa kama tumbaku.
Na usiku mmoja wa njaa hiyo
mtu alikata migunga kumi na mmoja ya Holo.

Anamjua. Kijiji kizima kinamjua.
Tulitegemea aende kwa mtendaji.
Alikwenda kwake yule mtu, jioni,
na bakuli la michembe, na kisu cha pili,
akaviweka kizingitini, akarudi kulala.
Kama atakuja shambani, sijui.
Mpaka leo asubuhi hajaja.

Nimeandika kumi na moja katika safu ya pili.
Nimeinama, nimegusa kisiki kimoja:
kilikuwa na utomvu, umenasa sisimizi.
Safu ya tatu nimeiacha wazi.
Novemba nitarudi,
na kalamu mbili.